Brashi za Mkono wa Kushoto

"Nenda sasa hivi, kabla hawajafunga ukumbi," Dada alisema. "Na ukirudi mikono mitupu, usinigongee mlango."

Fundi wa mafriji alikuwa ndiyo kwanza amekaa, hapo sebuleni kwa Dada. Kiatu kimoja alikuwa ameshakivua. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini kasoro, mwenye karakana yake, mwenye mke na watoto wawili wanaomwogopa kidogo, mwenye wateja wanaomwita bosi. Lakini mbele ya huyo dada yake mkubwa alirudi kuwa mtoto wa miaka minane aliyevunja kikombe. Akavaa kiatu chake. Hakuuliza hata anatumwa kufuata nini. Alijua.

Kwenye kochi la karibu na dirisha alikaa Shemeji, mume wa Dada. Siku ya kumi na moja hiyo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya paja kama mzigo ambao abiria mwingine amemwomba amshikie mara moja, kisha akashuka na kupotea. Haukuuma. Haukuvimba. Ulikuwa tu umegoma. Daktari aliuminya, akauchoma sindano, akaupiga picha, akasema mifupa mizima, mishipa mizima, damu inapita vizuri kabisa. Labda wampe vitu alivyozoea kuvishika, huenda mkono ukakumbuka.

Dada hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimpa kijiko. Alimpa kitana. Alimpa rimoti, mswaki, funguo, akampa mpaka mkono wake yeye mwenyewe, na huo nao ukaponyoka ukaanguka kama vile vitu vingine. Hilo ndilo lililomliza. Kilichobaki kujaribiwa kilikuwa kimoja tu: zile brashi za waya alizokuwa akipigia ngoma kule ukumbini.

"Zikae huko huko," alisema Shemeji.

"Nani amekuuliza?"

"Siyo zangu. Nilizikuta pale."

"Umezipiga miaka minne, leo siyo zako? Za nani, za mjomba wako?"

"Usizilete ndani ya nyumba, mama watoto."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani. Ndiyo ilikuwa taabu ya Shemeji. Nyumba ikiwaka moto, yeye angewaamsha watu kwa kugonga glasi na kijiko. Na Dada, ambaye akisema "karibu" majirani wa nyumba ya tatu wanaitikia, miaka yote ya ndoa hakuwahi kujifunza kumsikia.

"Bado umesimama?" alimgeukia mdogo wake. "Nakuona kama picha ukutani."

Fundi akatoka.

Jua lilikuwa limeshazama lakini mwanga ulikuwa haujaondoka. Ule mwanga wa kijivu ambao wenye maduka wanashindwa kuamua kama wawashe taa au wafunge. Alitembea haraka. Angetembea haraka hata bila kufokewa, maana mkono ule uliolala kwenye paja ulikuwa na maana kwake kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Wote wawili, yeye na Shemeji, walikuwa mashoto. Shemeji alipokuja kwao mara ya kwanza kuposa, alimkuta Fundi, mtoto bado, kajificha jikoni, vidole vimemvimba kwa rula ya mwalimu kwa kosa la kuandika na mkono wa kushoto. Watu wengine wangetoa hotuba. Shemeji alitafuta karai, akaligeuza kichwa chini, akachomoa njiti mbili za ufagio, akamwonyesha namna ya kupiga kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala.

"Usimpigie mtu kelele," alimwambia. "Ukimpigia kelele anarudi nyuma. Mnong'oneze. Atasogea mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yake yote. Wapiga dramu wengine hupiga kama polisi wanaotaka mlango ufunguliwe. Shemeji alifagia. Alizungusha zile nyaya juu ya ngozi ya ngoma ndogo, polepole, akaacha nafasi, akadonoa kidogo, akaacha nafasi tena. Na ukumbi mzima, walevi kwa wazima, ulijikuta umeinamisha vichwa kumsikiliza. Fundi aliichukua kazi hiyo akaenda nayo kwenye harusi za mwisho wa wiki, na kila jukwaa alilopanda aliteseka kwa jambo lile lile. Seti ya dramu hupangwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Mashoto akija, lazima aigeuze yote: matoazi ya huku yaende kule, ngoma kubwa isogee, stendi zifunguliwe na kukazwa upya, huku bendi nzima inakohoa na kuangalia saa.

"Mashoto kafika, nendeni likizo!" ndivyo walivyomtania.

Kwa miaka ishirini, hakuwahi kukuta hata seti moja aliyopangiwa yeye.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya maduka ya rangi na matairi, nyumba ndefu ya matofali yenye madirisha madogo ya juu kama ya ghala. Mlango ulikuwa wazi. Ndani taa moja tu ilikuwa inawaka, juu ya jukwaa, na bendi ilikuwa inafanya mazoezi. Watu watatu. Kiongozi, mzee mwembamba wa gitaa. Mpiga besi, pande la mtu, shingo na kichwa vimekwenda unene mmoja. Na Mwimbaji, mwanamke wa makamo aliyevaa koti ndani ya joto lile.

"Habari za jioni," alisema Fundi.

Kiongozi aliendelea kukaza nyuzi za gitaa.

"Nimesema, habari za jioni."

"Tumesikia," alisema Kiongozi bila kuinua macho. "Siyo kila kitu kinataka jibu."

"Nimekuja kuchukua brashi za shemeji yangu."

"Shemeji yako aliondoka hapa bila kuaga."

"Mkono umemfia, mzee."

"Mkono umekufa. Na mdomo?"

Mpiga besi alicheka kwa pua. Fundi alijisikia moto masikioni, lakini hakwenda pale kugombana. Alifikiria lile paja na ule mzigo juu yake. Akameza.

"Niwie radhi kwa niaba yake. Nipeni tu vitu vyake niondoke."

Sasa Kiongozi akamwangalia. Alimwangalia usoni, kisha akashuka mpaka kwenye mkono, pale Fundi alipokuwa anafuta jasho kwa leso.

"Hee. Na wewe ni wa kushoto?"

"Na mimi."

"Ukoo wenu mzima mmegeuzwa kama soksi?"

"Yeye alioa kwetu tu. Hatukumzaa."

Kiongozi na Mpiga besi walitazamana, mara moja, haraka, kama watu walioona basi lao linakuja.

"Brashi zile pale," alisema Kiongozi akionyesha kwa kidevu. "Lakini hazitoki humu bure bure. Kaa kwenye kigoda cha shemeji yako. Piga wimbo mmoja mpaka mwisho, tujue kama kweli mnajua ngoma au mnajua kuaga vibaya. Ukimaliza, chukua."

"Na nisipomaliza?"

"Rudi kwa dada yako ukamweleze."

Jamaa alijua pa kubonyeza.

Fundi alipanda jukwaani. Ndipo alipoiona seti ile, kama Shemeji alivyoiacha. Alisimama. Matoazi yalikuwa upande wake. Ngoma kubwa ilikuwa mahali pake. Kila stendi, kila kanyagio, kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa mtu wa mashoto, sawasawa kabisa, kama vile fundi cherehani amempima amelala. Moyo wake ulijaa kama wa mtoto aliyepewa viatu vipya. Kwa furaha hiyo, akayaona mambo mengine na kuyapita.

Aliliona vumbi. Yeye ni mtu wa kusoma vumbi. Nyuma ya friji vumbi humwambia kila kitu. Matoazi yalikuwa na vumbi. Ngoma za pembeni zilikuwa na vumbi la siku kumi na moja. Lakini ngozi ya ngoma ndogo, pale katikati, ilikuwa safi. Imefagiwa. Miduara, miduara, miduara.

Aliona pia kwamba nyaya za maikrofoni zilizunguka mbali, zikakwepa ile seti kama maji yanavyokwepa jiwe. Na kwamba hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyeisogelea kwa hatua tatu.

Angeuliza ni nani anayepiga hapa siku zote hizi kumi na moja. Mpiga dramu yeyote wa mkono wa kulia angeuliza. Ni mashoto tu ambaye, akikuta seti imegeuzwa tayari, anakaa kwanza.

Akakaa.

Kigoda kilikuwa na joto.

Alizichukua zile brashi. Ya kulia ilikuwa kama mpya. Ya kushoto mpini wake wa mti ulikuwa umelika, una mabonde manne, na vidole vyake vikaingia mle kimoja kimoja bila kutafuta. Harufu ikampanda puani. Ngozi. Siyo ngozi kavu ya ngoma. Ngozi mbichi, iliyochunwa leo asubuhi, bado ina unyevu wa mwenyewe…

"Moja, mbili," alisema Kiongozi.

Wakaanza.

Ulikuwa wimbo wa taratibu, wa mtu anayemsubiri mwenzake asiyekuja. Fundi alifagia. Fssshhh… tk. Fssshhh… tk. Na Mungu wangu, alipiga! Hajawahi kupiga vile. Mkono ulikwenda kama umepakwa mafuta. Alitabasamu peke yake. Aliwaza, laiti Shemeji angekuwapo asikie.

Kisha akaona kitu cha ajabu. Wale wenzake hawakuwa wanamtazama. Kiongozi alikuwa amegeukia ukuta. Mpiga besi amegeukia ukuta. Walipiga wakiwa wamempa migongo, mabega yamepanda juu, kama watu wanaosubiri kumwagiwa maji ya baridi.

Fssshhh… tk. Fssshhh… tk. Tk.

Hiyo ya mwisho hakuipiga yeye.

Alikaza sikio. Alipunguza nguvu ili asikie vizuri. Ilikuwa pale, katikati ya mapigo yake, kwenye zile nafasi alizofundishwa kuziacha. Mtu alikuwa anazijaza. Kidogo tu. Kwa adabu. Tk… tk.

Akapunguza zaidi.

Ikasogea.

Akainua mkono wa kulia hewani. Sauti iliendelea. Akataka kuinua na wa kushoto.

Wa kushoto haukuinuka.

Mkono ulikuwa unafagia, unazunguka, unadonoa, na yeye ameketi nyuma yake kama dereva ambaye usukani umebaki kuwa pambo. Nyuma ya bega lake la kushoto mtu alipumua. Pumzi fupi. Pumzi ya mtu aliyeinama ili asikie vizuri.

Mwimbaji alirudi nyuma hatua mbili, maikrofoni mdomoni. Alimaliza ubeti, akaishusha, na bila kugeuza kichwa akanong'ona:

"Usigeuke."

"Nani yuko nyuma yangu?"

"Mwenye kigoda."

Akapandisha maikrofoni, akaimba kiitikio kwa sauti tamu ya kumtoa nyoka shimoni. Akaishusha tena.

"Alikuwa mashoto kama wewe. Bendi haikutaka mambo ya kugeuza geuza. Wakamfunga mkono kwa mkanda wa gitaa, ajifunze kupiga na wa kulia, kama watu."

Fundi aliangalia gitaa la Kiongozi. Halikuwa na mkanda. Lilikuwa limening'inia shingoni kwa kamba ya katani.

"Akafa?"

"Yeye alikufa siku ile ile. Mkono ndio ulichelewa, mpaka leo unapiga."

Ubeti mwingine. Kitu cha baridi kilikuwa kimelala juu ya kiganja cha kushoto cha Fundi. Kidole juu ya kidole. Chenye unyevu. Kilikuwa hakimlazimishi. Kilikuwa kinamsindikiza tu, kama mwalimu mpole anavyomshika mtoto kalamu.

"Wimbo ukiisha nawe uko kwenye kigoda," alinong'ona Mwimbaji, "umekubali. Hutoki tena. Usimalize."

"Na brashi?"

"Si umezishika? Kimbia nazo, mjinga wewe!"

Kiongozi aliinua shingo ya gitaa. Ndiyo ishara ya kufunga wimbo. Mistari miwili imebaki. Fundi aliita mkono wake kwa jina lake, aliutukana, aliusihi. Fssshhh… tk. Mstari mmoja umebaki…

Basi akafanya jambo ambalo Shemeji hakumfundisha. Alipiga kelele.

Aliinua mguu akalikanyaga lile kanyagio la ngoma kubwa kama anayemuua nge. Bum! Aliupeleka mkono wa kulia kwenye matoazi bila mpango wala aibu. Chaaa! Alipiga bila mdundo, bila hesabu, kama mama anayefukuza ngedere shambani kwa sufuria, na juu yake akafungua kinywa akapiga ukelele ambao hata yeye hakujua anao. Vumbi likaruka. Kile cha baridi kikashtuka. Kikalegea.

Mkono ukawa wake.

Aliruka kutoka kigodani, toazi moja likaanguka likazunguka sakafuni, na yeye huyo, brashi zote mbili ngumini, ngazi za jukwaa kwa hatua moja, ukumbi kwa hatua kumi, mlango, nje, hewa!

Hakuna aliyempigia ukelele. Hakuna aliyemkimbiza.

Kwenye kona ya duka la matairi aligeuka. Watatu wale walikuwa wametoka mpaka kizingitini, wanamtazama. Kiongozi aliinua mkono. Fundi alijikunja akidhani linakuja jiwe. Halikuja. Mzee yule alikuwa anampungia. Kisha wakaingia ndani, na dakika hiyo hiyo ngoma kubwa ikaanza kulia mle ndani, bum bum bum, bila ustadi wowote, na juu yake kicheko kinene cha Mpiga besi, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Na Mwimbaji naye anacheka.

Fundi hakukaa kufikiri. Alikuwa na brashi. Alikuwa na mkono wake. Aliona ameshinda.

Dada alifungua mlango kabla hajagonga.

"Umezipata?"

"Nimezipata, lakini ngoja kwanza, Dada, kuna jambo…"

Angesema na ukuta. Alishanyang'anywa. Shemeji, alipoona mkewe anakuja na kile kitu, alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuliona: alijaribu kusimama ghafla.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, mama watoto…"

Kwa sauti ya chumvi.

Dada alimkalisha kwa kiganja kimoja cha kifua, akaufungua mkono wake uliolala, akaweka mle brashi yenye mabonde.

Walisubiri.

Kidole cha mwisho kikajikunja. Kikafuata cha pili. Kisha cha tatu. Kisha cha nne, polepole, kila kimoja kikaingia kwenye bonde lake.

"Unashika!" Dada alipasua paa. "Unashika! Mume wangu, unashika! Si nilisema? Daktari yule na mapicha yake yote!" Alipiga magoti, akacheka, akalia, akambusu mumewe goti, akamrushia mdogo wake busu la hewani, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe.

Shemeji hakucheka. Alikuwa anamtazama Fundi.

"Nani alikuambia ukimbie nazo?"

"Mwimbaji. Alisema nisimalize wimbo."

"Na mimi aliniambia nizichukue nikimbie. Wanataka zitoke mle. Wao hawawezi kuzigusa, wote ni wa kulia, na hazimfuati mtu asiyezipiga kwanza. Nikaona nikizileta, nitalala nazo nyumba moja na watoto wangu. Nikaziweka chini, shemeji. Nikaondoka. Mkono ukabaki nazo. Nikasema, basi, mkono si mtu. Nitaishi na mmoja."

Fundi alimsogelea.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

Na kweli alisema.

Fssshhh…

Ilianza kwenye mkono wa kochi. Nyaya juu ya kitambaa. Tk. Dada aliacha kulia. Mkono wa kushoto wa Shemeji ulikuwa unazunguka, mwepesi, mzuri, mzuri kuliko alivyowahi kupiga siku zake zote. Bega la Shemeji lilikuwa limetulia tuli. Kiwiko kimetulia. Kilichokuwa kinacheza kilianzia kwenye kifundo, kana kwamba hapo ndipo mtu mmoja anaishia na mwingine anaanza.

"Nitoleeni," alisema Shemeji. "Shemeji, nitolee brashi hii."

Fundi alirukia. Walivuta wawili, yeye kwa mikono miwili, Shemeji kwa ule wake wa kulia. Vile vidole havikukaza wala havikupigana. Havikufunguka tu. Harufu ya ngozi mbichi ilijaa sebuleni. Fundi alikumbuka kilichomwokoa, akakimbilia jikoni, akaja na sufuria na mwiko, akapiga. Alipiga mpaka mtoto akalia chumbani. Alipiga mpaka jirani akagonga ukuta akimtaja mama yake. Mkono ulisimama. Ulikaa hewani, umetulia, nyaya zimeinama kidogo, kama mtu mwenye subira anayengoja mgeni amalize kukohoa.

Fundi alichoka mkono. Akashusha mwiko.

Fssshhh… tk.

Polepole zaidi kuliko mwanzo. Kwa sauti ya chini zaidi.

Akainua sufuria tena.

"Acha," alisema Dada.

"Dada, huyu siye yeye. Huoni? Mwangalie uso!"

Shemeji alikuwa analia. Machozi yalishuka mpaka kidevuni, na mdomo wake ulikuwa unasema kitu, lakini alikuwa anakisema chini, kama alivyosema kila kitu maishani mwake, na sasa kulikuwa na sauti nyingine ya chini katikati yake na mkewe.

"Nimesema acha hizo kelele!" Dada alisimama katikati yao. Macho yake yalikuwa yameng'aa vibaya. "Siku kumi na moja mume wangu ni mfu nusu. Leo mkono unacheza, wewe unaniletea sufuria? Una wivu. Tangu mdogo una wivu na mkono huu. Toka nyumbani kwangu!"

"Dada…"

"Toka!"

Alimsukuma mpaka nje kwa mikono yake mwenyewe. Komeo likaingia. Fundi alibaki barazani na mwiko mkononi, kama mpishi aliyefukuzwa kazi. Aligonga. Aliita jina la ukoo wao.

Akazunguka kwenye dirisha.

Pazia lilikuwa limeachia kidogo. Dada alikuwa amevuta stuli, ameiweka karibu na kochi. Kisha akaona mbali. Akaisogeza. Bado mbali. Akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye kochi, sikio karibu na zile nyaya, macho yamefumba, anatabasamu. Mlango wa chumbani ukafunguka. Watoto walitoka na nguo zao za kulalia, mmoja nyuma ya mwingine, wala hawakuuliza kitu. Wakaja wakakaa karibu na mama yao. Wakainamisha vichwa.

Juu yao Shemeji alikuwa anamtazama Fundi kwa kioo cha dirisha, anatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Nenda.

Fundi alitaka kwenda. Angekwenda kuita majirani, angekwenda kuita polisi, angerudi na shoka avunje mlango ule. Alikuwa ameshageuka kabisa. Lakini kutoka pale aliposimama sauti ilikuwa haisikiki vizuri, na alitaka tu kujua kama imeacha.

Akasogea hatua moja dirishani.